Kitabu cha Kadhi Kiliandikwa kwa Ajili ya Nani?

Wako watu Mombasa, Lamu, Unguja na Dar es Salaam wanaofika kwenye dirisha la masijala ya mahakama kuomba kitu ambacho wana hakika kipo: talaka ya mama, ya bibi, au ya shangazi aliyefariki akaacha nyumba na mgogoro. Wana jina, wana mwaka wa kukisia, wana habari walizosimuliwa nyumbani. Wengi huondoka mikono mitupu, na sababu wanazojipa njiani ni mbili: karani mvivu au mchwa. Zote mbili zina ukweli wake, maana wavivu wapo na mchwa wapo zaidi. Lakini zinafunika sababu iliyo kubwa kuliko hizo, nayo ni ya kihistoria. Talaka nyingi za Pwani hazikupotea vitabuni kwa kuwa hazikuwahi kuingia humo. Zile zilizoingia, ziliingizwa kwa sababu palikuwa na mtu, mara nyingi mwanamke, aliyelazimika kuthibitisha jambo mbele ya mtu mwingine: kwamba yu huru kuolewa, kwamba mahari yake hayajalipwa, kwamba nyumba ni yake. Kitabu cha kadhi ni daftari la madai kabla ya kuwa daftari la talaka, na anayekisoma kama orodha ya ndoa zilizovunjika ataukosa msitari anaoutafuta hata ukiwa mbele ya macho yake.

Tuanze na sheria yenyewe. Katika fiqhi ya Kishafii iliyoenea Pwani, na katika ile ya Kiibadhi ya watawala wa Kiomani wa Zanzibar, talaka hukamilika kwa tamko la mume. Haidai hakimu wala karatasi. Sura ya At-Talaq inaagiza washuhudishwe watu wawili waadilifu, ila wanazuoni wengi wa Kisunni wameichukua amri hiyo kuwa ya kupendekezwa. Talaka iliyotamkwa faraghani haibatiliki kwa kukosa shahidi. Inafaa kuilinganisha na aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote, inayohimiza kwamba deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu. Deni lilipewa kalamu, talaka ikapewa mashahidi. Kwa Waingereza mambo yalikwenda kinyume chake. Hadi katikati ya karne ya 19, Mwingereza aliyetaka kuvunja ndoa na kuoa tena ilimbidi apitishiwe sheria maalumu na Bunge. Sheria ya 1857 iliunda mahakama ya talaka, ikaanza kazi Januari 1858, na tangu hapo talaka ya Kiingereza ikawa kitu kinachotengenezwa na mahakama. Pasipo hukumu, ndoa ingalipo. Mlowezi wa Nairobi hakuweza kuwa na talaka bila ya kuwa na jalada, kwa kuwa jalada ndilo lililoizaa talaka. Kwa jirani yake wa Mombasa, talaka ilizaliwa sebuleni, na karatasi, kama ilikuwapo, ilifuata baadaye kama shahidi anayeitwa kueleza alichokisikia.

Utawala wa kikoloni ulichukua mazoea ya watu wa jalada ukayaleta kwa watu wa tamko. Zanzibar ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi walikuwapo zamani, wakihukumu na kuandika hati kwa Kiarabu. Hati ilikuwa mali ya mwenyewe. Aliitia sandukuni mwake pamoja na hati za shamba na za deni, na ikiliwa na mvua imekwenda. Upande wa bara, katika ule mwambao wa maili kumi wa Kenya ya leo ambao Sultani aliukabidhi kwa mkataba wa 1895 bila kuuachia umiliki wake, kanuni za 1897 zilitambua mahakama za makadhi, maliwali na mamudiri. Kisha ikaja sheria ya 1906 ya usajili wa ndoa na talaka za Waislamu, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Zanzibar nayo ikatoa dikrii yake ya namna hiyo. Wazo lenyewe lilikwisha kujaribiwa Uhindi, ambako Bengal ilikuwa na sheria ya usajili wa ndoa na talaka za Waislamu tangu 1876. Sheria ile ya Bengal ilikuwa ya hiari, na ilisema wazi nani awasilishe ombi: talaka ya kawaida iandikishwe na mwanamume aliyeitoa, khuluu, ile ambayo mke huinunua, iandikishwe na wawili kwa pamoja. Kwa hiyo chombo hiki kilipobuniwa, aliyefikiriwa kuwa na kalamu mkononi alikuwa mume.

Hapa ndipo penye kasoro iliyoamua hatima ya vitabu vyetu. Sheria ya 1906 iliwataka waliooana na walioachana wakaandikishe, lakini ilijiwekea mpaka: kuandikishwa peke yake hakuihalalishi talaka iliyo batili, na kutoandikishwa hakuibatilishi iliyo sahihi. Mtunga sheria hakuwa na njia nyingine. Angesema kwamba talaka isiyoandikwa si talaka, angeingilia dini ya watu ambao mkataba na Sultani ulimtaka awaachie, na angewafanya wanawake walioachwa kwa tamko waonekane bado wameolewa, wanaoolewa tena waonekane wazinifu. Alichagua amani. Matokeo yake ni kwamba usajili ukawa wajibu usio na meno. Mwanamume aliyekwisha kusema neno lake, na neno likapita, hakuwa na kitu cha kumtoa nyumbani asubuhi kwenda kutoa ada na kupiga dole gumba kwenye daftari la serikali.

Mwanamke alikuwa nacho. Akiachwa, hukaa eda: tohara tatu, au miezi mitatu kwa aliyekatikiwa na hedhi, au hadi kujifungua kwa mjamzito. Eda ikiisha anaweza kuolewa, na hapo ndipo mwozeshaji humwuliza swali moja la maana: karatasi yako iko wapi? Kuozesha mke wa mtu ni balaa, na hakuna naibu kadhi mwenye akili timamu anayelichukua hilo kwa maneno matupu ya shangazi mtu. Mume wa zamani anaweza kuwa baharini, anaweza kuwa Pemba, anaweza kuwa mtaa wa pili akiapa kwamba hakusema lolote, au kwamba alisema kisha akamrejea ndani ya eda. Katika sheria hii mwanamume hujitengenezea ushahidi kwa kinywa chake, tena akibanwa hutamka mara nyingine na mambo yakaisha. Mwanamke hawezi kutamka. Kinachobaki ni kupata mtu wa tatu atakayethibitisha kwamba lililotamkwa lilitamkwa, na mtu huyo, kwa miaka zaidi ya mia moja, amekuwa kadhi na kitabu chake.

Mtu anaweza kusema kwamba wanaume nao walihitaji karatasi. Ni kweli, na ni haki kulikubali. Mwenye wake wanne hawezi kuoa mwingine mpaka amwache mmoja na eda ya talaka rejea iishe. Mume aliyeshitakiwa matumizi alifaidika kuonyesha tarehe ambayo wajibu wake ulikoma. Mfanyabiashara ambaye mkewe alikuwa akikopa madukani kwa jina lake alikuwa na sababu nzuri ya kutaka mji mzima ujue. Tazama lakini mifano hii inafanana kwa nini: kila mmoja ni mtu aliyekwisha kudaiwa au anayetarajia kudaiwa. Mwanamume alikwenda kwa kadhi dai lilipombana, na mara nyingi dai hilo alilileta mwanamke. Kwa hiyo mifano ya wanaume haiivunji hoja. Inazidi kuonyesha kwamba kilichoijaza karatasi wino ni dai.

Watafiti waliokaa na vitabu hivi na mahakama hizi wanaonyesha jambo hilohilo kwa njia mbalimbali. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, aliweza kuandika habari za mali na ndoa za wanawake kwa sababu wanawake hao walikuwa wamefika mahakamani. Susan Hirsch, aliyechunguza mahakama za makadhi za Pwani ya Kenya na kuchapisha 1998, aliwakuta wanawake ndio wengi wa waleta madai, tena mara nyingi wakishinda, kinyume na dhana ya wageni kwamba mahakama ya kadhi ni uwanja wa waume. Erin Stiles alilikuta hilo kaskazini mwa Unguja, na Elke Stockreiter, aliyefungua majalada ya makadhi wa Zanzibar ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, alionyesha kwamba hata watu waliotoka utumwani baada ya dikrii ya 1897 walijifunza upesi njia ya kwenda kwa kadhi. Ni ushahidi wa miji tofauti na miongo tofauti, uliokusanywa na watu waliokuwa na maswali tofauti.

Ukizichambua aina za kuachana, hali inakuwa wazi zaidi. Talaka ya kawaida ndiyo iliyo nyingi maishani na haba kitabuni. Khuluu, ambayo Wazanzibari huiita kununua talaka, huacha karatasi karibu kila mara, kwa kuwa ndani yake kuna fedha: mke hurudisha mahari au hutoa kitu kingine, mume hupokea na kuacha, na palipo na malipo pana risiti. Faskhi ndiyo tajiri kuliko zote. Mume ametoroka, hatoi matumizi, anapiga, au ana kasoro. Mke analeta mashahidi, kadhi anasikiliza, anamwita mume, anangoja, anamwita tena, mwishowe anaivunja ndoa kwa mamlaka yake. Hii ndiyo namna pekee ambamo mahakama yenyewe ndiyo inayovunja, kama kwa Waingereza, na jalada lake huwa na kila kitu: madai, majibu, viapo, tarehe za kuahirishwa, hukumu na sababu zake. Mtu anayetafuta talaka ya bibi yake angefanya vyema kwanza kuwauliza wazee nyumbani waliachanaje. Kama bibi aliomba kuachwa, matumaini yapo. Kama babu alisema tu akaondoka zake, kitabu cha talaka huenda hakina habari, na itabidi kutafuta kwingine.

Huko kwingine ni wapi? Mara nyingi ni kwenye mirathi. Mwanamume akifa, mkewe hupata robo kama hakuacha mtoto, thumuni kama ameacha, na wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilohilo. Hapo ndipo talaka ya miaka ishirini nyuma hufufuka. Warithi wengine wanasema huyu aliachwa; yeye anasema aliachwa kisha akarejewa, au aliachwa talaka moja na marehemu akafa yeye yungali edani, hali ambayo humpa urithi wake kamili. Kadhi hana budi kuuliza talaka ilikuwa ya ngapi, siku gani, mbele ya nani, na majibu hayo yanaandikwa ndani ya jalada la marehemu kwa jina la marehemu. Anayepekua rafu ya talaka hatalikuta hata akikesha. Mashauri ya matumizi, ya mahari yaliyobaki na ya malezi ya watoto ni hivyohivyo. Talaka imeandikwa humo kama jambo la kupita, katika aya ya pili ya maelezo ya mdai, na huenda huo ndio uthibitisho pekee uliobaki duniani.

Rejea inaleta utata mwingine, wa upande wa pili. Mume aliyetoa talaka moja au mbili anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila ndoa mpya, na kurejea ni jambo jepesi kuliko kuacha. Hakuna ada, hakuna ugomvi, hakuna anayedai. Kwa hiyo aliyeandikisha talaka mwezi wa Rajabu akamrejea mkewe mwezi wa Ramadhani hakuwa na sababu ya kurudi kwa karani. Kitabu kinasema wameachana, na wao wamezaa watoto wanne baada ya tarehe hiyo. Anayepata nakala yake na kukimbilia kusema kwamba wajomba fulani ni wa nje ya ndoa atakuwa ameisoma karatasi bila kuielewa sheria iliyoizaa. Jambo la kutazama kwanza katika msitari wowote ni idadi ya talaka, kisha kama kuna ndoa mpya ya mke huyo kwa mume mwingine. Ndoa mpya ikionekana, talaka ya kwanza ilitimia. Isipoonekana, swali liko wazi.

Na msitari wenyewe unahitaji jicho. Kwa kawaida utakuta jina la mume na la baba yake, jina la mke na la baba yake, mahali wanapokaa, pengine kabila, aina na idadi ya talaka, mashahidi, na alama ya dole gumba au saini. Hakuna jina la ukoo katika maana ya leo. Fatuma binti Juma wa Ng'ambo, katika mwaka mmoja, anaweza kuwa wanawake sita, na hakuna hata mmoja anayeandikwa kwa jina la mumewe. Jina la babu, likiwapo, ni dhahabu. Hati za zamani ni za Kiarabu, au za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa namna mbili na karani yuleyule. Tarehe ni za Hijria. Mwaka wa 1342 ulianza katikati ya Agosti 1923 ukaishia mwanzoni mwa Agosti 1924, kwa hiyo mtu aliyeambiwa na jamaa zake kwamba mambo yalitokea ishirini na tatu afungue vitabu vya miaka miwili. Siku nayo huanza magharibi: talaka iliyotolewa usiku wa Ijumaa, kwa kalenda ya ofisini ilitolewa Alhamisi. Karani aliyejua hivyo aliandika sawasawa. Mrithi wake aliyenakili kwenye daftari la Kizungu hakukosa kukosea mahali.

Kipingamizi kikubwa zaidi kingetoka kwa wazee wa mitaa, nacho kingekuwa hivi: zamani hapakuwa na haja ya karatasi, kwa kuwa mtaa mzima ulijua nani mke wa nani. Mke akirudi kwao na kasha lake, majirani wameona. Eda yake wanaihesabu. Akiolewa tena wanakula pilau. Sioni haya kukiri kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha ya watu hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana talaka nyingi zilipita bila wino na bila madhara. Lakini mtaa unajua mradi watu hawahami, na hii ni pwani ya watu wanaohama. Waume walisafiri na pepo za kaskazi na kusi, walikwenda Ngazija, Maskati, Manyema na kurudi, au wasirudi. Ushahidi wa mtaa haukuvuka bahari. Tena mtaa una upande: majirani wa mume walisikia wanayopenda kuyasikia. Mwanamke asiye na ndugu mjini, aliyezaliwa utumwani au aliyefuata mume kutoka bara, hakuwa na mtaa wa kumshuhudia, na kwa mtu kama huyo muhuri wa kadhi ulikuwa ndio ukoo wake. Kumbukumbu ya mtaa iliwatosha wenye watu, na wasio na watu wakatafuta maandishi. Hilo nalo linaelekeza nani ataonekana vitabuni na nani hataonekana.

Kwa sababu hiyo naona hatari katika mtindo wa kuhesabu talaka vitabuni na kutangaza kwamba Waswahili wa wakati fulani waliachana sana au kidogo. Hesabu ya talaka zilizoandikwa ikiongezeka, huenda kilichoongezeka ni masharti ya waozeshaji, au wageni mjini, au mali ya kugombaniwa, na ndoa zenyewe zikawa vilevile. Kitabu kinaweza kutufundisha mengi juu ya yale yaliyowagombanisha watu na maneno waliyoyaona yana nguvu mbele ya kadhi. Juu ya wale walioachana wakapeana mikono hakina neno.

Bara, upande wa Tanganyika, historia ilikatika mahali pawili. Maliwali na makadhi waliotambuliwa na Wajerumani na kisha Waingereza walipoteza mahakama zao pale mfumo wa mahakama ulipounganishwa kwa sheria ya 1963, mashauri ya ndoa yakaenda Mahakama za Mwanzo. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyofanya kile ambacho Mwingereza hakuthubutu: ndoa, hata ya Kiislamu, inadumu machoni pa dola hadi kifo, au hadi mahakama itoe amri ya kuivunja. Wanandoa hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Baraza likishindwa hutoa hati, ile ambayo watu wa mahakamani huiita Fomu Namba 3. Na kwa Waislamu, mahakama ikithibitisha kwamba baada ya usuluhishi kushindwa pametendeka tendo ambalo kwa dini yao huvunja ndoa, inatoa amri ya talaka. Zanzibar haikuguswa na sheria hiyo. Huko mahakama za kadhi zilipewa sheria yao mwaka 1985, na mpya mwaka 2017. Kenya nayo ilibaki na makadhi kwa makubaliano ya 1963, kwa sheria ya 1967 na kwa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010.

Mtu atasema basi kwamba Tanzania Bara hoja yangu imekufa mwaka 1971: kama hakuna talaka bila mahakama, kila talaka ina jalada, na kilichobaki ni kulitafuta. Ingekuwa hivyo kama watu wangesubiri sheria. Wanandoa wengi wa Kiislamu wameendelea kuachana kwa tamko, wakapata karatasi ya sheikh au ya BAKWATA, chombo cha Waislamu kilichoundwa 1968, wakaendelea na maisha. Mahakama huwaona pale tu panapokuwa na kitu cha kugawana. Na kitu hicho kilipanda thamani baada ya 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipoamua, katika shauri la mwanamke Mwislamu aliyeachwa, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mahakama haigawi mali ila pamoja na amri ya talaka au ya kutengana, au baada yake. Mwanamke mwenye karatasi ya msikitini peke yake akagundua kwamba anahitaji hukumu na tuzo, na akaenda kuidai. Kwa mara nyingine jalada limezaliwa na dai, na mdai ni yuleyule. Sheria ilibadilika, mkono unaosukuma kalamu haukubadilika.

Kwa anayeomba leo, historia hii ina manufaa ya moja kwa moja. Mahakama haitafuti kwa hadithi. Hutafuta kwa namba ya shauri na mwaka, kisha kwa majina. Asiye na namba aandike barua kwa hakimu au kadhi mfawidhi, ataje majina matatu ya kila upande, uhusiano wake na wahusika na sababu ya kuomba, alipe ada ya upekuzi, na aombe nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, maana kopi tupu haina kazi benki wala ardhi. Tanzania Bara asikomee Mahakama ya Mwanzo: Sheria ya 1971 iliipa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa, na jalada lililokatiwa rufaa huenda lilipanda juu lisirudi. Kama talaka ni ya kabla ya 1963 Tanga au Bagamoyo, aulize vitabu vya liwali. Kama ni ya Zanzibar ya kikoloni, mengi yako Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kokote aendako, asiombe talaka peke yake. Aombe pia mashauri ya matumizi, ya watoto na ya mirathi kwa majina hayo.

Serikali nazo zinajaribu kuziba mwanya. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, iliyofuta ile ya 1906, inamtaka kadhi, sheikh au imamu anayevunja ndoa ya Kiislamu apeleke nakala kwa msajili; Zanzibar imeunda wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa sheria ya 2018, na talaka ni moja ya matukio hayo. Mwenye wajibu safari hii ni ofisa, na hilo ni afadhali kuliko kumtegemea mume. Ila fomu inamfikia tu anayefika ofisini, na kompyuta inaingiza kile kilichokuwa kwenye jalada. Pale majalada ya zamani yanapoingizwa kwenye mfumo kwa jina la mdaiwa au la marehemu peke yake, mwanamke aliyefungua shauri hatapatikana kwa jina lake. Kuongeza safu moja ya jina la mke na la baba yake, katika kila jalada la matumizi na la mirathi, ni kazi ya karani ya dakika chache kwa jalada, na ingerudisha kwenye upekuzi talaka nyingi ambazo leo wenyewe wanaambiwa hazipo.